Jua Chini ya Kitambaa

Palikuwa na nchi ya kisiwa, na ipo mpaka leo, na itaendelea kuwapo mradi bahari isiwe na haraka. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu wenyewe hawapendi kusifiwa mbele za watu. Mungu aliijalia jua la kutosha nchi kumi, upepo wa kung'oa mabati, na wananchi wapole wasiouliza jambo mara mbili. Ilichokosa ni kimoja tu, umeme wa uhakika, na hata hicho serikali ilikuwa ikikishughulikia kwa nguvu zote tangu enzi za mababu.

Wageni wengi hawaielewi desturi kuu ya nchi hiyo, kwa hiyo ni vyema ielezwe mapema. Hakuna kitu kinachofanya kazi kabla hakijazinduliwa. Hii si sheria tu, ni malezi. Daraja likiisha kujengwa hufunikwa kitambaa, na watu huendelea kupita chini mtoni, suruali zimepandishwa magotini, mpaka Mtukufu Rais apate nafasi ya kuja kuvuta kamba. Choo cha stendi kuu kilikaa na kitambaa chake mwaka mzima, kisafi kabisa, na wasafiri wakajisaidia nyuma yake kwa adabu. Hakuna aliyelalamika. Mtu wa kwenu akikwambia kitu hakijazinduliwa, unaelewa, unashika njia yako.

Machano Vuai alikuwa Afisa Mkuu wa Vitambaa katika Wizara ya Uzinduzi na Nishati. Wizara hizo mbili ziliunganishwa baada ya watafiti kugundua kwamba nishati bila uzinduzi ni moto tu. Kazi ya Machano ilikuwa kuhakikisha kila kinachongoja kuzinduliwa kimefunikwa vizuri, kitambaa hakina kunyanzi, na kamba inavutika kwa kidole kimoja, kwa kuwa Mtukufu ana vidole vyenye kazi nyingi. Aliipenda kazi yake. Mkewe Mize alikuwa akimtania kwamba siku ya harusi yao alimwangalia shela kwanza, uso baadaye.

Walikuwa wamekaa miaka bila mtoto. Mize aliposhika mimba, Machano alianza kurudi nyumbani mapema, na akaacha kumsahihisha namna ya kutandika kitanda. Wenzake kazini wakasema jamaa kaota ubinadamu.

Basi ikawa Mtukufu kaalikwa kwenye mkutano mkubwa wa hali ya hewa, katika nchi ya baridi ambako watu wanaogopa joto kwa sababu hawajalizoea. Wakubwa wenzake waliahidi kupunguza moshi kwa robo, kwa nusu, baada ya miaka mingi, wajukuu wakishakua. Mtukufu alikuwa amepoteza makaratasi ya hotuba yake. Alisimama akaahidi kwamba kisiwa chake hakitachoma hata tone la mafuta kuanzia Ijumaa ijayo. Ukumbi mzima ulisimama. Wengine walilia. Alipigiwa makofi marefu hata akasahau kukaa.

Nyumbani ahadi haikuleta shida, kwa sababu maandalizi yalikuwapo. Katika uwanda nje ya mji, wafadhili walikuwa wameshasimamisha sahani za sola safu kwa safu, mpaka jicho linachoka. Betri zilikuwamo bandani, nyaya zilishafika mjini, na mafundi walishafungasha wakaondoka zao. Kilichobaki ni uzinduzi. Machano mwenyewe ndiye aliyesimamia ushonaji wa kitambaa cha kuzifunika zote, kijani chenye nakshi za dhahabu pembeni. Mafundi cherehani wote wa kisiwa waliitwa, na majora yote ya madukani yakachukuliwa. Mwaka huo watoto walikwenda shule na sare za mwaka jana, na maharusi wakaolewa kwa mapazia.

Ijumaa ilipofika, jenereta kuu la mafuta, ambalo watu walilizoea kwa jina la Mama Moshi, lilizikwa kwa heshima za kitaifa. Mizinga ilipigwa. Jenereta dogo la hospitali lilizikwa ubavuni mwake, kwa hoja kwamba mtoto hawezi kuachwa peke yake. Waziri wa Uzinduzi na Nishati, Mheshimiwa Daktari Shaame Bungala, alipanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo tunazika giza."

Hapo kipaza sauti kikakatika, maana umeme wake ulikuwa unatoka kwa marehemu. Mheshimiwa akamalizia hotuba kwa koo lake, na waliokuwa mbele wanasema ilikuwa nzuri.

Uzinduzi ulipangwa wiki ile ile, ukaahirishwa. Habari za ahadi zilikuwa zimeenea duniani, na kila nchi ilitaka kumpa Mtukufu tuzo ya nishati safi. Hangeweza kukataa bila kuonekana ana kiburi. Akawa anatoka uwanja wa ndege huu kwenda ule, akipokea nishani kwa ajili ya sahani za sola zilizolala chini ya kitambaa, zikimngojea. Miezi ikapita. Samaki walioza sokoni kwa kukosa barafu, na Wizara ikatangaza kwamba samaki wa kuoza ni wa asili zaidi. Kule uwandani Machano alifua kitambaa kwa zamu, akakipiga pasi ya makaa, na kila mwisho wa mwezi akaandika malalamiko yale yale: jua la kisiwa ni kali mno, linachujua mali ya umma.

Hakuona kichekesho ndani yake. Watu wema huwa hawaoni.

Mize alijifungua kabla ya wakati, asubuhi moja akiwa anachambua mchele. Alipelekwa hospitali kwa gari la mkono la jirani yao Kombo, muuza barafu, ambaye siku hizo hakuwa na cha kubebea. Mtoto alikuwa wa kike, njiti, mdogo kiasi cha kulala ndani ya kofia ya baba yake.

Muuguzi wa zamu, Bi Kazija, alikuwa mwanamke wa makamo aliyezalisha nusu ya mji. Alimweka mtoto kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika kanga mbili. Kisha akamfunika mtoto pua na mdomo kwa kifuniko kidogo chenye kipira cha kusukumia hewa, akaanza kukikamua kwa vidole viwili, polepole, akakamua tena. Kila akikamua, kifua cha mtoto kilinyanyuka. Alipopunguza kidogo, hakikunyanyuka.

"Joto tutampa sisi wenyewe," alimwambia Machano bila kuinua macho. "Pumzi ndiyo tabu. Mapafu yake bado hayajajua kazi. Mashine ya hewa ile pale kwenye kona, nzima, haina kasoro. Inataka umeme tu."

"Na hii ya mkono?"

"Hii ni mpaka mikono ichoke, mwanangu. Tuko wauguzi watatu."

Machano alisimama akiitazama ile mashine. Ilikuwa imewekwa taulo juu, isiingie vumbi. Mize alikuwa amelala kimya, amekodoa macho kwenye dari, mkono wake uko mgongoni mwa mtoto.

"Machano," alisema, "si wewe ndiye mwenye kitambaa?"

Hakuwa na ukali hata kidogo. Angekuwa mkali, Machano angepata la kujibu.

Alikwenda kwa Waziri moja kwa moja. Ofisi ilikuwa na mapazia wazi kwa ajili ya mwanga, na makarani wawili walikuwa wakimpepea Mheshimiwa kwa majalada. Machano alieleza shida yake amesimama. Mheshimiwa alimsikiliza mpaka mwisho, maana si mtu mbaya, ana watoto na yeye.

"Machano, mwanangu," alisema. "Haraka haraka haina baraka."

"Mheshimiwa, mwenye haraka ni mtoto. Amekuja miezi miwili kabla."

"Hapo sasa. Yeye kaja kabla ya ratiba, na wewe unataka taifa zima liifuate ratiba yake." Mheshimiwa aliinuka, akaenda dirishani kama afanyavyo mtu anayetaka kuchorwa. "Mimi moyo wangu uko hospitali. Lakini hebu niambie, wewe ni mtaalamu. Ukikivuta wewe kitambaa, Mtukufu atavuta nini?"

Swali hilo Machano hakuwahi kulifikiria, na jibu lake lilikuwa limesimama wazi mbele yake. Kwa miaka yote ya utumishi wake, kila mara alipolainisha kamba ivutike kwa kidole kimoja, hakujiuliza hata siku moja ni nani amefungiwa upande wa pili.

"Nenda katulie," Mheshimiwa alisema. "Mtoto huyu tutamtaja kwenye hotuba. Nitahakikisha mimi mwenyewe."

Machano hakwenda kutulia. Alikwenda uwandani, jua limesimama utosini. Ni lazima isemwe kwamba aliogopa sana. Hakuwa shujaa, wala nchi hiyo haina mashujaa hai. Alikuwa baba wa mtoto anayepumuliwa kwa vidole, na alijua kamba iko wapi.

Penye kamba palikuwa na walinzi, na nyuma yao lilikuwa hema la beni la taifa, lililopiga kambi hapo tangu Ijumaa ile, tayari kwa lolote. Amri zao zilikuwa fupi. Kitambaa kikianguka, walinzi wapige saluti, beni lipige wimbo wa taifa, watumishi wote walio karibu wapige makofi mpaka waambiwe basi. Amri hazikusema kitambaa kiangushwe na nani, kwa sababu aliyeziandika hakuweza kulifikiria neno kama hilo.

Machano aliwapita walinzi. Walimjua, wakamsalimia. Akashika kamba, akaivuta kwa mikono miwili, ingawa kidole kimoja kingetosha.

Kitambaa kikateleza safu baada ya safu, kijani kikirudi nyuma na sahani zikibaki nyeusi, zinang'aa. Walinzi wakapiga saluti. Beni likaamka kutoka mkekani likapiga wimbo wa taifa, tarumbeta moja ikiwa na kutu. Wapishi, wafagiaji na madereva wakapiga makofi, nyuso zimejaa taadhima, na hakuna hata mmoja aliyeshangaa.

Mjini feni zikazunguka. Redio zikasema zenyewe majumbani. Kombo aliisikia friji yake ikinguruma, akaikumbatia. Hospitali, Bi Kazija aliiondoa taulo kwenye mashine ya hewa, akachomeka waya, akampachika mtoto mirija miwili myembamba puani, kisha akakaa chini sakafuni na kuinyoosha mikono yake mapajani. Vidole vilikuwa haviwezi kufunguka.

Mheshimiwa Shaame alisikia wimbo wa taifa na akaona feni ya ofisini mwake imeanza kuzunguka. Akajua jambo moja tu: Mtukufu karudi, kazindua, na yeye hayupo. Alifika uwandani na kiatu kimoja, akapasua watu, akainama mpaka chini na kuubusu mkono uliokuwa bado umeshika kamba. Alipoinua uso akamkuta Machano.

Alijifuta midomo.

Wengi walidhani atamfunga. Lakini Mheshimiwa hakuupata udaktari wake bure. Kumfunga mtu kunahitaji kosa, na kosa lingekuwa ni kuzindua, na mahakama ikisema Machano kazindua, basi imeshazinduliwa. Mtukufu angekuja kuvuta kamba ya nini? Wiki ileile kulikuwa na nchi nyingine ya kumtunuku.

"Leo," alitangaza Mheshimiwa, "palikuwa na mazoezi. Wimbo ulikuwa wa mazoezi. Makofi yalikuwa ya mazoezi, na nawapongeza. Umeme mliouona nao ulikuwa wa mazoezi, asije mtu akautegemea. Machano, rudisha kitambaa."

"Sirudishi," Machano alisema.

Neno hilo halikuwa limesikika katika utumishi wa umma, kwa hiyo Mheshimiwa aliendelea kungoja.

"Mheshimiwa, akiweza kupumua mwenyewe nitarudisha. Bi Kazija anasema ni wiki mbili, tatu. Nitakifua, nitakipiga pasi, Mtukufu atakikuta kizuri kuliko mwanzo. Niachie mtoto wangu apumue tu."

Kuvuta ni kazi ya mtu mmoja, bali kufunika kunataka umati. Mheshimiwa akawasomea walinzi amri mpya, kwamba kitambaa kitaondolewa na Mtukufu peke yake, kisha akaita watu wa kujitolea. Gari la matangazo lilipita mitaani, na kwa kuwa lilikuwa limepata chaji, lilisikika vizuri kuliko siku zote. Majina yaliitwa nyumba kwa nyumba. Kufikia alasiri watu walikuwa wamejaa uwandani, kila mmoja ameshika upindo. Walikuwamo waliokunywa maji baridi mchana ule kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alikuwamo Kombo, ambaye barafu yake ya kwanza ilikuwa haijaganda vizuri.

"Usinione vibaya, jirani," alimwambia Machano kwa sauti ya chini, upindo uko mkononi. "Wameniita jina. Mke wangu kasema atampikia mzazi uji wa pilipili manga."

"Mpe shukrani," Machano alisema.

Wakavuta wote kwa pamoja. Kitambaa kikapanda juu ya sahani taratibu, kikanyooshwa, kikapigwapigwa kwa viganja mpaka kikalala. Inauma kusema, lakini walikifunika vizuri sana.

Betri hazikuwa zimeshiba. Machano alipofika wodini mashine ilikuwa imenyamaza, na Bi Kazija amerudi kwenye kipira. Akanawa mikono, akaomba aonyeshwe. Akakamua. Kifua cha binti yake kikanyanyuka chini ya vidole vyake, na Machano akalia bila kuacha kukamua, kwa sababu haikuwezekana kufanya kimoja tu. Walipokezana mpaka kukacha, yeye na wauguzi watatu. Mize aliwahesabia pumzi kwa mdomo, taratibu, ili wasiende mbio.

Asubuhi Mheshimiwa alikuja hospitali. Habari za mtoto zilikuwa zimeenea, na mshauri wake alimwambia kwamba taifa linalojali huonekana likijali. Alifuatana na mpiga picha, mlinzi wake, na kapu la matunda. Akasimama kando ya kitanda cha Mize kwa uso wa huzuni uliochaguliwa vizuri.

"Kumbe ndiye huyu," alisema. "Nimeshaongea na watu wa Mtukufu. Siku ya uzinduzi angependa kumbeba mikononi, Mtoto wa Kwanza wa Nishati Safi. Mtunzeni sana mpaka siku hiyo."

Mpiga picha akaomba Mheshimiwa asogee karibu, aonekane anashiriki. Machano alikuwa kwenye zamu. Akamtazama Waziri, kisha akamtazama Bi Kazija, naye Bi Kazija akakohoa kidogo na kuangalia pembeni.

"Karibu, Mheshimiwa," Machano alisema. "Vidole viwili. Kamua, achia. Kamua, achia."

Akauweka mkono mmoja wa Mheshimiwa juu ya kipira na wa pili ushike kifuniko, akaiongoza mara chache, kisha akaitoa yake. Kifua cha mtoto kikanyanyuka. Mheshimiwa akatabasamu, picha zikapigwa, za mbali na za karibu. Mpiga picha akasema zimetosha. Mheshimiwa akageuka kutafuta wa kumpokeza.

Wauguzi wawili walikuwa wamejinyoosha kwenye benchi, mikono imefunikwa kwa vitambaa vya maji ya moto. Bi Kazija alisimama kichwani pa mtoto, macho kwenye kifua kile kidogo, hasogei. Machano alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimalize?" Mheshimiwa aliuliza.

"Ukiacha wewe, anaacha na yeye," alisema Bi Kazija.

Mheshimiwa akakamua. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, na hakuwa na mkono wa kulifuta. Alikamua kwa muda ambao kwenye hotuba ungekuwa ni utangulizi tu. Akamtazama mtoto kwa mara ya kwanza, na uso wake ukabadilika. Huzuni ile iliyochaguliwa ilimtoka, akabaki na woga mtupu wa mtu mzima.

"Mpaka lini?" aliuliza.

Katika chumba kile, aliyepaswa kujua ni yeye.

"Wewe," alimwambia mlinzi wake. "Nenda uwandani. Waambie wakitoe kitambaa. Sasa hivi. Kimbia."

Mlinzi alisimama wima. Alikuwa kijana mtiifu, na jana yake alikuwa ameshika upindo kama wengine.

"Mheshimiwa, kwa idhini ya nani?"

"Ya kwangu."

"Mheshimiwa ndiye uliyetusomea jana kwamba ni Mtukufu peke yake." Alisema hivyo kwa heshima kubwa, akitaka kusaidia. "Labda upatikane waraka. Nikauandike, uje uutie sahihi?"

Mheshimiwa aliitazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa kazini.

"Taratibu, baba," Bi Kazija alimwambia. "Usimkazie. Fuata mdomo wa mama yake."

Na Mize, ambaye hakuwa ameacha, akaendelea kuhesabu.